Upembo wa maembe wa babu kumbe ni fimbo ya biliadi? Imegongwa 16½, ni mwaka au nini?

#1 Isevya_Kati
Wakuu, za jioni. Babu mzaa mama alitutoka mwaka jana, nyumba ipo Cheyo, Tabora. Juzi tumegawana vitu. Wajomba wamebeba baiskeli, redio na cherehani, mimi nikaachiwa upembo wa kuangulia maembe. Sikulalamika, huo upembo nimeutumia toka nina miaka sita.

Nikiwa naufuta vumbi nikaona upande mnene kuna weusi unang'aa chini ya rangi ya kijani, ile ya milango. Nikakwangua kwa kucha. Zikatokea ndimi nne nyeusi zenye ncha kali zimeingia ndani ya mti mweupe, zimebana kabisa, huoni hata pengo la unywele. Ubavuni kuna kidude cheupe kama jino, maandishi yamefutika nusu. Kinachosomeka ni "ES & WATTS" na chini yake "SOHO SQ". Halafu kwenye mti wenyewe pamegongwa 16½.

Urefu sentimita 141. Upande mwembamba kuna msumari wa inchi tatu umekunjwa kuwa kulabu na kufungwa waya. Imepinda kidogo kama upinde ambao haujavutwa. Babu alikuwa fundi reli.

Sasa: 16½ ni mwaka 1916? Ni ya Wajerumani? Na fundi wa hapa mtaani anataka elfu kumi aipige randa, msasa na vanishi. Nimpe?

#2 Stiki_Mkononi
Ngoja wajuzi waje. Naweka kambi.

#3 KibiriziBoy
Bila picha hii ni hadithi ya sungura na fisi.

#4 Isevya_Kati
#3 picha nimeweka tatu, fungua vizuri. Ile ya pili ndiyo ya ndimi.

#5 Seremala_Mstaafu
Kijana, kwanza mwambie huyo fundi aweke randa chini. Usimpe. Ukipiga randa umekula mti, na fimbo ile unene wake umepimwa toka chini hadi juu. Ukiondoa milimita moja upande mmoja, umebaki na mwiko wa ugali.

Pili, 16½ si mwaka. Ni uzito kwa aunsi. Fimbo za Kiingereza za zamani zilikuwa zikigongwa uzito wake ili mtu achague mkono wake unataka nini. Aunsi moja ni gramu 28 na kidogo, kwa hiyo hiyo ilitoka kiwandani na gramu kama 468.

Tatu, si ya Wajerumani kwa utengenezaji. Hapo jina kamili ni Burroughes & Watts, kampuni ya London iliyoanza 1836, duka lao lilikuwa Soho Square. Walitengeneza meza za biliadi na fimbo zake.

#6 Isevya_Kati
Mzee shikamoo. Nimebaki mdomo wazi. Kesho naipeleka dukani ikapimwe.

#7 Balabushka_TZ
Aisee hiyo ni mali! Kuna fimbo za Balabushka zinauzwa Marekani bei ya gari. Usiuze rahisi.

#8 Seremala_Mstaafu
#7 jina lako zuri ila umechanganya. George Balabushka alikuwa fundi wa New York, alianza kutengeneza fimbo 1959 na kufariki 1975. Zake ni za pool ya Kimarekani, vipande viwili vya kufungua katikati, mti wa mbele ni mepoli (mti mgumu wa Marekani). Ya kijana ni kipande kimoja na mti wa mbele naona ni eshi (mti wa Ulaya). Tazama picha ya tatu, kuna mistari ya V inapanda kama mishale. Mepoli haina hiyo, mepoli ni laini kama uso wa mtoto.

#9 Balabushka_TZ
Nimekubali mzee. Jina silibadilishi lakini.

#10 MamaNta_Sikonge
Hizo ndimi nyeusi si mpingo huo? Babu wa watu alikuwa na mpingo nyumbani anaangulia maembe 😂

#11 KibiriziBoy
Tumbukiza kwenye maji. Ukizama ni mpingo.

#12 Seremala_Mstaafu
#11 usimfundishe mwenzio kuua fimbo. Kwanza ile ni fimbo nzima, sehemu kubwa ni mti mwepesi, itaelea tu. Pili mwebani wa kweli (mti mwingine mweusi, wa kigeni) nao mara nyingi unazama, kwa hiyo maji hayakujibu chochote. Mpingo wetu ukiutazama kwenye jua una zambarau au kahawia iliyojificha ndani ya weusi. Mwebani mzuri ni mweusi wa mkaa. Chukua tochi, pakwangue kidogo pale pasipoonekana, chini kabisa.

#13 Isevya_Kati
Nimemulika. Naona kahawia. Ila mke wangu anaona nyeusi.

#14 Stiki_Mkononi
Basi ni nyeusi. Usibishane nyumbani kwa ajili ya upembo.

#15 Reli_ya_Kati
Nimependa huu uzi. Kuhusu ilivyofika: reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, lakini Mjerumani hakukaa. Septemba 1916 Wabelgiji wakauchukua mji wa Tabora, halafu Waingereza. Fimbo ya London kwa fundi reli wa Tabora, mimi sina shaka, imetoka klabu ya maofisa wa reli. Wazungu wameondoka baada ya uhuru, vitu vikagawanywa, mwingine kapata kiti, mwingine fimbo.

#16 Mnyonge_Urambo
#15 hapana mkuu, mmesahau Urambo. Mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, ulikuwa sehemu tatu: Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo. Walikuja na matrekta, mahema, na starehe zao. Mradi ulivyokufa vitu viliuzwa na kuachwa. Marehemu baba yangu alikuwa na kabati la chuma la hao jamaa mpaka juzi tunaweka mahindi. Fimbo hiyo imepanda treni Urambo ikashukia Tabora, masaa machache tu.

#17 KibiriziBoy
Na Wabelgiji je? Wao ndio walikuwa na eneo lao la bandari hapa Kigoma miaka na miaka, mizigo ya Kongo inapita kwao. Mbelgiji anapenda biliadi kuliko kula. Imetoka kwetu hiyo, mmeiba kama mnavyoiba dagaa.

#18 Reli_ya_Kati
#17 biliadi ya Mbelgiji haina mifuko kwenye meza, fimbo zao ni fupi kidogo na ni za aina nyingine. Atanunua fimbo Soho Square ya nini? Dagaa tunanunua, na mnatupimia na mchanga.

#19 KibiriziBoy
Fupi kidogo umesema. Ya jamaa ina 141. Fimbo ya kawaida ya Kiingereza inchi 57, hiyo ni karibu sentimita 145. Nijibu.

#20 Seremala_Mstaafu
Imekatwa. Mbele. Hakuna kipete cha shaba (pete ya nchani) wala kingozi (kiduara cha ngozi kinachogonga mpira), pale pana msumari. Aliyeweka msumari alikata kwanza ncha ili msumari usipasue mti mwembamba, ukapata mahali pa kushika.

#21 Isevya_Kati
Nimerudi dukani. Mzani umesema gramu 455. Nimeng'oa waya ila msumari bado umo. Yaani zimepotea gramu 13, na kama utatoa msumari zimepotea zaidi. Ziko wapi?

#22 Mwl_Fizikia
Tusaidiane hesabu. Ncha ya mbele kipenyo tuseme sentimita moja, urefu wa sentimita 4. Ujazo unakuja kama sentimita za ujazo 3. Eshi ina uzito wa gramu 0.65 hadi 0.7 kwa kila sentimita ya ujazo. Hapo ni gramu 2 tu. Ongeza kipete cha shaba gramu kadhaa na kingozi ambacho hakina uzito wa kuhesabu. Msumari ulioongezwa unafidia. Kwa hiyo kukatwa mbele hakuelezi gramu 13.

#23 Stiki_Mkononi
Labda imekatwa chini.

#24 Mwl_Fizikia
Chini ni nene, sentimita 3 hivi, na ni mti mzito. Ukikata sentimita 4 pale unapoteza gramu 25 na zaidi. Ni nyingi mno. Labda kama mtu alikata sentimita 2 chini na 2 juu 😀

#25 Seremala_Mstaafu
Mwalimu umesahau kitu kimoja, ukame. Sasa hivi Septemba, Tabora hata mate yanakauka mdomoni. Mti unabeba maji ndani yake hata kama umekufa miaka mia. Kiwandani London mti ulikuwa na unyevu wa kule. Hapa, chini ya bati, mti umekamuliwa. Asilimia tatu tu ya gramu 468 ni gramu 14. Hesabu yako imeisha.

#26 MuuzaDagaa_Mwanga
Au mzani wa duka una njaa. Mimi nipo kwenye hii biashara, naijua mizani ya madukani. Peleka kwa sonara.

#27 KibiriziBoy
#26 umejitaja mwenyewe mkuu, sisi hatukusema.

#28 Afisa_Mstaafu_Pori
Naomba niwakatishe. Hicho kidude cheupe kama jino mmekipita haraka. Kama ni pembe ya ndovu, hiyo ni nyara ya serikali, na sheria ya wanyamapori ya 2009 haichezi na mtu kumiliki bila kibali hata kama ni ya marehemu. Sikutishi kijana. Nasema ujue una nini kabla hujaweka tangazo la kuuza.

#29 Isevya_Kati
Daah. Nimetoa jasho. Nijuaje?

#30 Stiki_Mkononi
Choma na sindano ya moto. Plastiki inayeyuka, pembe haiyeyuki.

#31 Afisa_Mstaafu_Pori
#30 USIFANYE. Vibao vingi vya namna hiyo vilikuwa vya seluloidi, plastiki ya zamani iliyotengenezwa ifanane na pembe. Seluloidi inashika moto kama petroli. Utaunguza fimbo na vidole. Chukua kioo cha kukuzia. Pembe ya ndovu ikikatwa inaonyesha mistari inayokatana kama wavu. Mfupa una vidoti na vijistari vyeusi. Seluloidi ni laini tupu, au ina mistari iliyonyooka sambamba kama imepigwa rula. Ukibaki na shaka, ofisi ya wanyamapori ipo, nenda na mguu wako kabla hawajaja na wao.

#32 Isevya_Kati
Mistari iliyonyooka kama rula. Nimeangalia mara nne. Asante sana mzee, leo nitalala.

#33 MamaNta_Sikonge
Turudi kwenye kuitengeneza. Rangi ya kijani unaitoaje bila kuharibu?

#34 Seremala_Mstaafu
Swali zuri mkuu. Asitumie dawa kali ya kutoa rangi, itafuta maandishi ya kibao. Achukue kipande cha kioo kilichovunjika, chenye ukingo ulionyooka, akwangue polepole kufuata urefu wa mti. Kioo kinakula rangi tu kama mkono ni mwepesi. Akifika karibu na kibao aache, amalizie na kucha na kitambaa.

#35 MamaNta_Sikonge
Mimi ni dada yako, si mkuu 😂

#36 Seremala_Mstaafu
Samahani dada.

#37 Isevya_Kati
Na zile alama za kubonyea? Miaka arobaini ya kugonga matawi, upande wa mbele umejaa mashimo.

#38 Seremala_Mstaafu
Kubonyea si kuchimbika. Mti uliobonyea nyuzi zake bado zipo, zimelala tu. Weka kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa juu ya shimo, gusisha ncha ya pasi ya moto sekunde mbili tatu, toa. Mvuke unaingia, nyuzi zinavimba, shimo linapanda. Rudia. Usitulie na pasi hapo, utapinda mti zaidi ya ulivyo. Acha ukauke siku nzima ndipo upitishe msasa mlaini sana, namba 600 au 800, mara mbili tatu tu. Fimbo ya zamani ina rangi yake ya uzee, ukiifuta hairudi.

Mashimo yaliyokatika nyuzi yaache. Hiyo ni historia ya maembe.

#39 KibiriziBoy
Ukimaliza paka mawese, inang'aa mpaka utashangaa. Bibi yangu Ujiji alipaka mchi wake mawese, una miaka hamsini.

#40 MamaNta_Sikonge
Mawese hayakauki kaka. Yatabaki yananata, yatanuka, na fimbo itakuwa ya rangi ya wali wa mawese. Tabora tuna nta. Nta iyeyushe kwenye tapentaini (mbali na jiko, tafadhali), paka kiasi, futa kwa sufi.

#41 Seremala_Mstaafu
Wote mna nusu. Nta ni nzuri kwa upande mweusi wa kushika. Mbele, pale fimbo inapoteleza kwenye vidole, nta kwenye joto la Tabora itashika mkono kama gundi. Mbele paka mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani), matone machache kwenye kitambaa, sugua mpaka mti upate moto kwa msuguano, acha siku, rudia mara kadhaa. Linsidi inakauka ndani ya mti, mawese hayakauki. Mchi wa bibi ni mchi, unaoshwa kila siku. Na hicho kitambaa cha linsidi usikikunje ukakitupa pembeni, kinaweza kujiwasha chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

#42 KibiriziBoy
Kitambaa kijiwashe chenyewe? Hizi sasa ni za Sumbawanga.

#43 Mwl_Fizikia
#42 ni kweli. Linsidi inapokauka inachukua oksijeni na kutoa joto. Kitambaa kikikunjwa joto halitoki. Hakuna uchawi.

#44 Isevya_Kati
Ripoti. Msumari umetoka. Nimefanya saa nzima, nilikata kichwa, nikautoboa pembeni kwa sindano ya cherehani (ya mjomba, ameniazima kwa masharti) mpaka ukalegea. Mti umepasuka kama sentimita tatu kuelekea chini. Nilikaa chini nikaitazama tu.

Pia kupinda: nimeivingirisha mezani inacheza kama nyoka.

#45 Seremala_Mstaafu
Pole. Huo mpasuko fungua kidogo kwa wembe, ingiza gundi nyembamba, funga uzi wa mvuvi kwa kubana, siku mbili. Halafu utakata ncha sentimita moja na nusu na kuweka kipete. Itakuwa fupi zaidi ila itacheza.

Kupinda usipime kwa kuvingirisha, meza nyingi nazo zimepinda. Iweke jichoni kama bunduki, zungusha.

#46 FundiPool_Gongoni
Mimi natunza meza mbili za pool hapa Gongoni, fimbo za hapa zinapinda kila mwezi. Sababu si ukame mzee. Ni watu kuziegemeza ukutani. Fimbo ikisimama mshazari usiku kucha, uzito wake wenyewe unaikunja. Ya babu ilisimama ukutani miaka arobaini.

#47 Seremala_Mstaafu
Kuegemeza kunachangia, ila za kwako zinapinda kwa sababu ni mbao rahisi ambayo haikukaushwa vizuri.

#48 Reli_ya_Kati
Au ilikuja imepinda. Ndiyo maana klabu waliitoa.

#49 FundiPool_Gongoni
Mimi nitasema nilichokiona. Bwana mmoja hapa aliinyoosha ya kwake kwa kuining'iniza juu ya dari, ncha chini, na tofali limefungwa. Miezi miwili ikanyooka. Akaichezea wiki moja, ikarudi. Akairudisha darini. Hadi leo fimbo na tofali wapo.

Kuhusu kingozi, usihangaike kuagiza. Soli ya kiatu cha ngozi cha zamani, kata kiduara, gonga na nyundo kiwe kigumu, gundi.

#50 Balabushka_TZ
Kingozi chenyewe ni wazo la Mfaransa, Mingaud, karne ya kumi na tisa mwanzoni. Kabla yake walikuwa wanapiga na mti mtupu. Nimesoma baada ya kuaibishwa #8.

#51 Isevya_Kati
Wakuu, samahani kwa kimya. Mvua zimeanza Tabora wiki mbili sasa. Fimbo imekamilika: kipete cha shaba nimekerezewa na fundi bomba, kingozi cha soli (kiatu cha babu, nadhani angefurahi), linsidi mara tano, nta nyuma. Kibao nimekiacha kama kilivyo. Jana nimecheza nayo Gongoni kwa #46, nikafungwa na mtoto wa kidato cha pili.

Nimeipima tena. Gramu 463.

#52 Seremala_Mstaafu
Si nilisema! Mvua imeingia, mti umekunywa. Ni ukame ule.

#53 Mwl_Fizikia
Mzee subiri. Ameongeza kipete, ameongeza kingozi, ameongeza linsidi mara tano na nta. Ametoa msumari, ametoa rangi ya mlango, amekata sentimita moja na nusu. Hapa hatujui kilichoongezeka ni maji au ni nini. Alitakiwa apime baada ya kila hatua.

#54 Reli_ya_Kati
Na bado hatujajua imetoka klabu ya reli (mimi nasema ndiyo).

#55 Mnyonge_Urambo
Urambo.

#56 MuuzaDagaa_Mwanga
Isevya, umepima kwenye mzani uleule?

#57 Isevya_Kati
Hapana, lile duka limehama. Nimepima buchani.

#58 KibiriziBoy
😂😂😂😂